Saa, Jiwe na Kilimia: Vituo vya Nyota vya Karne ya 18 na Mbingu ya Singida

Tarehe 6 Juni 1761 sayari ya Zuhura ilipita mbele ya Jua. Kwa zaidi ya saa sita ilionekana kama nukta nyeusi ikikata uso wa Jua polepole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Huku Singida, Jua lilichomoza asubuhi hiyo likiwa na nukta tayari usoni, na kufikia karibu saa tano asubuhi, kwa saa ya Singida yenyewe, nukta ilikuwa imeshatoka. Juni ni kiangazi katika uwanda huu wa kati wa Tanzania. Mvua zimekatika, upepo unavuma, na siku nyingi hupita bila wingu la maana. Laiti angekuwapo mtu mwenye darubini na saa nzuri juu ya moja ya majabali ya Singida, angeliona lile ambalo mataifa ya Ulaya yaliliendea kwa meli na kwa roho za watu.

Mtu huyo hakuwapo. Katika ramani ya Afrika aliyoichora Mfaransa d'Anville mwaka 1749, sehemu kubwa ya bara iliachwa tupu, kwa kuwa mchoraji alikataa kujaza asichokuwa na hakika nacho. Uamuzi huo ni wa kusifiwa. Lakini katika nafasi hiyo tupu waliishi watu waliolima, waliofuga, waliowinda, na waliotazama juu kila usiku.

Uhakiki huu unaweka bega kwa bega mila nne za kutazama anga zilizokuwa hai karne hiyo kandokando ya Bahari ya Hindi na katika bara lililo nyuma yake. Ya kwanza ni ya wanafalaki wa Ulaya na vituo vyao vya muda. Ya pili ni hesabu za Watamil wa Pondicherry. Ya tatu ni vituo vya mawe vya Jai Singh huko India. Ya nne ni kalenda za nyota, mwezi na kivuli za pwani yetu na za bara, Singida ikiwemo. Nazipima zote kwa maswali matatu. Je, kituo kilipajua mahali pake? Je, kilikuwa na saa ya kuaminika? Je, kiliacha kumbukumbu ambayo mtu wa mbali angeweza kuisoma na kuisahihisha? Natangulia kusema ninaposimama: hakuna mila iliyojibu maswali yote matatu, na Singida ya leo inaweza kuyajibu kwa gharama ndogo sana.

Siku tisa za Rodrigues

Mwaka 1716 Mwingereza Edmond Halley alieleza jinsi ya kupima umbali wa Jua kwa msaada wa Zuhura. Watazamaji wawili walio mbalimbali, mmoja kaskazini na mwenzake kusini, huiona sayari ikipita juu ya Jua kwa mistari miwili inayotofautiana kidogo. Tofauti hiyo hujitokeza katika muda ambao kila mmoja ameuhesabu, na kutoka katika muda huo umbali hukokotolewa. Mfaransa Joseph-Nicolas Delisle akaongeza kwamba hata anayeona mwisho tu wa tukio ana mchango, mradi ajue barabara longitudo ya mahali aliposimama. Sharti hilo lilikuwa zito. Kujua longitudo ni kujua saa za kwako zinatofautiana kiasi gani na saa za mji unaojulikana, na mwaka 1761 hapakuwa na njia nyepesi ya kulipata jibu hilo.

Padri Alexandre Guy Pingré aliondoka Lorient, Ufaransa, Januari 1761 kuelekea kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius. Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani, hivyo alibeba barua ya wakuu wa jeshi la majini la Uingereza iliyoziamuru meli zao zisimguse. Alitia mguu Rodrigues tarehe 28 Mei. Zilibaki siku tisa.

Inafaa tuzitazame siku hizo kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna kazi yote ya kuanzisha kituo ugenini. Kinachotangulia ni saa. Inasimikwa mahali pasipotikisika, imelindwa na upepo, halafu inafunzwa adhuhuri ya mahali pale. Asubuhi mwanafalaki anapima kimo cha Jua kwa kwadranti, chombo cha robo duara chenye alama za nyuzi, huku msaidizi akitamka saa kwa sauti na kuiandika. Mchana wanangoja Jua lishuke hadi kimo kilekile, na saa inatamkwa tena. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo ilipo adhuhuri ya kweli, baada ya sahihisho dogo. Kesho yake wanarudia, na kesho kutwa tena, mpaka wajue saa yao inawahi au inachelewa kwa sekunde ngapi kwa siku. Usiku wanaitafuta longitudo kwa kutazama miezi ya Mshtarii ikiingia na kutoka kivulini, kisha wanalinganisha na majedwali yaliyopigwa chapa Ulaya. Wingu moja likikaa vibaya, kazi ya siku nzima imepotea.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni mvua ilinyesha Rodrigues. Mawingu yalipoachana kwa vipindi, Pingré aliambulia sehemu tu ya alichokifuata. Mwishoni mwa mwezi meli za Kiingereza zikakivamia kisiwa, na ile barua haikumfaa kitu. Alifika kwao mwaka 1762.

Wenzake walikuwa na bahati tofauti. Waingereza Charles Mason na Jeremiah Dixon walitumwa Bencoolen, Sumatra. Januari 1761 meli yao, Seahorse, ilishambuliwa na manowari ya Kifaransa, watu 11 wakafa. Walipofunga safari upya muda ulikuwa umekwenda, wakaishia Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa Aprili na kusimika vyombo vyao hapo. Walipata karibu wiki sita za kuizoea saa, na siku yenyewe mbingu ilisafika kwa wakati. Walichokiona kilikuwa kile ambacho kingeonekana Singida: Jua linachomoza na Zuhura ndani yake, na mwisho wa tukio unasomwa kwa sekunde. Kipimo chao ni kati ya vipimo bora vilivyopatikana kusini mwa ikweta mwaka huo.

Nguvu ya mila hii ilikuwa katika kumbukumbu. Kila mtazamaji aliandika alichokiona, saa aliyokiona, na kosa la saa yake, kisha akakipeleka mahali ambapo wengine wangekisoma. Majibu ya 1761 yaliachana mno, hata wenyewe hawakuridhika. Zuhura ilipopita tena mwaka 1769 walirudi kazini, na mwaka 1771 Mfaransa Lalande alizikusanya hesabu za miaka yote miwili akasema Jua liko umbali wa kilomita milioni 153 hivi. Leo tunajua ni milioni 149.6. Kwa watu waliotumia macho, kioo na saa ya mbao na chuma, kosa la asilimia mbili ni ushindi mkubwa.

Ushindi huo una upande wake wa pili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa, jirani na Rodrigues ya Pingré. Bahari iliyobeba saa na darubini ndiyo iliyobeba watu wetu wakiwa wamefungwa minyororo. Anayesifu vituo hivyo bila kulitaja hilo ameisoma nusu ya daftari.

Saa inayochelewa karibu na ikweta

Vituo vya mbali vilifundisha jambo ambalo wenye vyombo hawakulitarajia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya penduli Cayenne, Amerika ya Kusini. Ilikuwa imerekebishwa vizuri Paris, lakini kule ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku. Ili irudi kwenye mwendo wake ilimbidi Richer aifupishe penduli karibu milimita tatu. Isaac Newton alilitumia tukio hilo katika kitabu chake cha 1687 kueleza kwamba dunia imevimba katikati, na kwamba mvuto karibu na ikweta ni hafifu kidogo kuliko Paris.

Cayenne iko karibu nyuzi tano kaskazini ya ikweta. Singida iko karibu nyuzi tano kusini yake. Saa ya Paris ingepatwa Singida na upungufu uleule wa Cayenne, na kwa kuwa mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ingechelewa sekunde kadhaa zaidi. Hapa swali la mahali linaonekana waziwazi. Hata chombo bora kabisa, kikihamishwa, huanza kusema uongo mpaka kifunzwe na nchi kilikofikia. Mgeni alihitaji wiki nyingi za kufunzwa hivyo, ilhali mwenyeji alikuwa amefunzwa tangu utoto.

Waliokuwapo mwaka mzima

Mwenyeji huyo alitazama nini? Tuanze na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho wakulima wa Kibantu, kutoka pwani yetu hadi Afrika Kusini, walikitumia kupanga mwaka wa shamba. Mwanzoni mwa Mei Kilimia humezwa magharibi na mwanga wa machweo. Juni hurudi mashariki kabla ya alfajiri. Novemba huchomoza jioni, wakati Jua linazama. Singida ina msimu mmoja wa mvua, nao huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Kwa hiyo Kilimia kinapochomoza mashariki wakati wa jioni, mwenye shamba la uwele au mtama anajua kwamba wakati wa kutayarisha jembe umefika, hata kama ardhi bado ni vumbi tupu. Pwani, wazee walikwenda mbele zaidi: kwa hali ya hewa ya siku za kuzama kwake walibashiri hali ya siku za kuzuka kwake.

Mkalama, kaskazini mwa mkoa, wapo Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa asali, mizizi na matunda. Ngoma yao takatifu ya epeme huchezwa katika giza la usiku usio na mwezi. Ili usiku huo usiwapite, jamii nzima lazima iwe inaufuata mwezi siku hadi siku. Huo ni uangalizi wa kudumu, usiohitaji mlinzi wa kulipwa wala jengo.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na hesabu iliyokamilika zaidi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, zimegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kufungia mwaka. Nahodha alihesabu kutoka Nairuzi kujua kusi litashika lini, lini bahari itafungwa, na lini jahazi litashushwa kuisubiri kaskazi. Mkulima naye alihesabu hivyohivyo. Baharini manahodha walipima kimo cha nyota kwa kamali, kibao chenye kamba iliyofungwa mafundo, sanaa ambayo Ahmad ibn Majid alikuwa ameieleza kwa maandishi tangu karne ya 15.

Msikitini muadhini alipima kivuli. Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mwezi nao huandama kwa ushahidi. Anayedai ameuona huulizwa ameuona upande gani, juu kiasi gani, pembe zake zimeelekea wapi, na uadilifu wake hupimwa kabla neno lake halijapokelewa. Huo ni utaratibu wa kisayansi kwa kila hali. Mwanafalaki wa Ulaya alikagua saa yake kila adhuhuri, na kadhi alimkagua shahidi wake kila mwezi mwandamo.

Tusiipambe mila yetu kupita kiasi, maana ina kasoro. Mwaka wa Nairuzi hauna siku ya nyongeza, na kwa hiyo husogea siku moja kila baada ya miaka minne. Katika karne ya 19 ulikuwa ukiangukia mwishoni mwa Agosti, na siku hizi Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekewa Julai. Saa ya Pingré ilikosea pia, lakini kosa lake liliandikwa na kutolewa katika hesabu. Kosa la Nairuzi liliachwa likajikusanya, vizazi kwa vizazi. Kwa upande wa bara hasara ni kubwa zaidi. Mkulima wa Singida wa mwaka 1761 alikijua Kilimia kuliko alivyokijua Pingré, lakini hakuna ukurasa unaotuambia mwaka ule mvua zilichelewa kwa siku ngapi baada ya kuchomoza kwake. Ujuzi ulikuwapo, daftari halikuwapo.

Mgeni anapomkuta mwenyeji

Je, wageni wale waliwahi kuketi na wenyeji wakalinganisha hesabu? Mmoja alifanya hivyo, kwa sababu bahati mbaya ilimlazimisha akae sana. Guillaume Le Gentil alitoka Ufaransa mwaka 1760 kwenda Pondicherry, India. Kabla hajafika mji ukatekwa na Waingereza, na tarehe 6 Juni 1761 ilimkuta baharini. Aliiona Zuhura, lakini saa ya penduli haifanyi kazi kwenye sitaha inayoyumba, na alichokiona hakikufaa kitu. Akaamua kubaki kwenye Bahari ya Hindi miaka minane kuisubiri mara ya pili. Safari hii alifika Pondicherry, akajenga kituo, akazipima saa zake, akajua longitudo yake barabara. Siku yenyewe ya mwaka 1769 ikaja na wingu, likakaa mpaka Zuhura ilipomaliza kupita. Aliporudi kwao mwaka 1771 alikuta ameshahesabiwa maiti na warithi wanagombea mali yake.

Wengi humsimulia Le Gentil kama mfano wa mkosi. Mimi naona alipata kitu ambacho wenzake hawakukipata. Akiwa Pondicherry alijifunza jinsi Watamil wanavyokokotoa kupatwa kwa Mwezi. Alipoilinganisha hesabu yao na kupatwa kwa tarehe 30 Agosti 1765, aliona walikuwa wamepunguza muda wa tukio kwa sekunde 41. Majedwali ya Mjerumani Tobias Mayer, yaliyokuwa fahari ya Ulaya, yalikuwa yameuzidisha kwa sekunde 68. Watamil hawakuwa na darubini. Walikuwa na kanuni zilizohifadhiwa kichwani, vizazi na vizazi. Baadaye mwanafalaki John Warren alieleza jinsi mtunga kalenda wa huko alivyokokotoa kupatwa kwa Mwezi kwa kupanga makombe chini, akiyatoa majedwali yake kwenye kumbukumbu kwa msaada wa maneno maalumu.

Sekunde hizo zinastahili kufikiriwa hapa kwetu. Mila ya kichwani haikuwa duni kwa sababu ni ya kichwani. Ilikuwa na kanuni, na kanuni ikitunzwa hushindana na kitabu. Kilichoiponza ni kwamba mwenye kanuni akifa bila mwanafunzi, hakuna wa kuuliza.

Jiwe lisilohama

Jai Singh wa Pili, mtawala wa Jaipur, alichukua njia nyingine kabisa. Katika miaka ya 1720 na 1730 alijenga vituo vitano: Delhi, Jaipur, Ujjain, Mathura na Varanasi. Badala ya vyombo vidogo vya shaba vinavyolegea na kupinda, alijenga kwa mawe na chokaa. Kile kikubwa cha Jaipur ni pembetatu ya kuta yenye kimo cha mita 27 hivi, na kivuli chake hutambaa juu ya tao lenye alama, kikionyesha saa za mahali pale kwa uangalifu wa sekunde chache. Hakiwezi kubebwa wala kuibwa na meli ya adui. Kinaisoma saa ya Jaipur na si ya mahali pengine popote.

Kwa swali la mahali, Jai Singh aliwashinda wote. Alizikusanya pia hesabu zake katika majedwali, akatuma watu Ulaya na kuyapima majedwali ya huko dhidi ya yake. Lakini alipofariki mwaka 1743 kazi ilififia, kwa sababu ilimtegemea mtawala mmoja na hazina yake. Kuta za vituo vinne zimebaki mpaka leo, ila mnyororo wa wanaoandika kila usiku ulikatika.

Mgunda Mkali

Mila ya Ulaya ilifika Singida kwa miguu, katikati ya karne ya 19. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza kusini mwa mkoa huu, katika nyika kavu yenye vichaka vizito iliyoitwa Mgunda Mkali, jina lililotisha wapagazi wote. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita mwaka 1857. Speke alirudi na James Grant, wakaivuka nyika hiyo mwanzoni mwa 1861, katika mvua na njaa, wapagazi wakiwatoroka. Verney Lovett Cameron alifuata mwaka 1873.

Hapo kituo cha nyota kilikuwa mgongoni mwa mtu. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na ndani ya baadhi ya mizigo mlikuwa na sekstanti, vipimajoto na kronomita. Kronomita hazikuvumilia safari ya kwanza ya Burton na Speke, zikaharibika. Speke akarudi kwenye kanuni ya Richer: akaning'iniza risasi ya bunduki kwenye uzi na kuzihesabu sekunde kwa kuyumba kwake. Karibu na ikweta uzi wa sentimita 99 hivi, ukipimwa hadi katikati ya risasi, huyumba upande mmoja kwa sekunde moja. Saa za gharama zilikufa, uzi na risasi vikaokoa kazi.

Aliyeziunganisha safari hizo ni Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyewahi kuuzwa utumwani, akaishi India na kurudi Afrika Mashariki akiwa huru. Alifuatana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Henry Morton Stanley, kisha Cameron. Bila watu kama yeye hakuna kimo cha nyota ambacho kingepimwa Mgunda Mkali, kwa sababu hapangekuwa na maji, chakula, lugha wala njia. Ramani zilizojaza ile nafasi tupu ya d'Anville zilibeba majina ya wapimaji. Majina ya wapagazi waliovileta vyombo salama hayakuchapwa juu yake. Kwa kipimo cha kumbukumbu, hili ni deni la mila ya Ulaya, sawa na daftari lisiloandikwa lilivyo deni la mila yetu.

Hukumu

Nikizipima zote nne, hukumu yangu ni hii. Mila ya Ulaya ilishinda katika kumbukumbu, na katika kukiri kosa kwa tarakimu. Ilishindwa katika mahali: ilikuja, ikatazama saa chache, ikafungasha vyombo ikaondoka, na mwenyeji hakuandikwa. Watamil walishinda katika kanuni, wakaachwa na wakati palipokosekana wanafunzi. Jai Singh alishinda katika uimara, akashindwa katika mwendelezo. Pwani yetu na bara letu walishinda katika kudumu. Walikuwapo kila usiku wa mwaka, na wingu moja halikuweza kuwanyima kitu. Walishindwa katika kuandika na kusahihisha.

Wapo watakaosema ulinganisho huu si wa haki, kwa kuwa Pingré alitafuta umbali wa Jua na mkulima alitafuta siku ya kupanda. Nakubali kwamba maswali yalitofautiana. Lakini yote mawili yalijibiwa kwa kazi ileile ya kutazama mahali pamoja, kwa saa inayojulikana, mara nyingi, bila kuchoka. Mfano bora ni Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille. Alikaa Rasi ya Tumaini Jema tangu 1751 hadi 1753, akapima nyota karibu 10,000 za kusini kwa darubini yenye kioo cha nusu inchi tu. Kioo hicho leo kingeonekana kichezeo cha mtoto. Aliwashinda wenye vyombo vikubwa kwa sababu alikaa.

Na Singida ina watu waliokaa. Ina mbingu ya kiangazi iliyo safi, ina majabali ya kusimikia chombo chochote, ina shule katika kila kata, na simu ya mkononi imelimaliza tatizo la saa lililomtesa Pingré. Zuhura itapita tena mbele ya Jua Desemba 2117 na Desemba 2125. Mara zote mbili Singida itaona sehemu tu ya tukio, na Desemba ni mwezi wa mvua, kwa hiyo watakaokuwapo wasije wakaliweka tumaini lao lote kwenye siku moja, kama Le Gentil. Kinachofaa ni daftari la kila siku, na linaweza kuanzishwa mwaka huu.

Walimu wa Singida, ombi langu kwenu ni hili. Takriban tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba kila mwaka, Jua hupita utosini mwa mji wa Singida. Simikeni fimbo wima kwa timazi ya fundi mwashi juu ya sakafu iliyosawazishwa, na mwambieni mwanafunzi mmoja asome saa ya simu kwa sauti huku mwenzake akiandika. Oktoba kivuli kitatoweka karibu saa sita na nusu mchana, na Machi karibu saa saba kasoro dakika nane. Chukueni wastani wa siku hizo mbili: mtaona Singida iko nyuma ya saa rasmi ya Afrika Mashariki kwa dakika 41 hivi. Kila dakika nne ni uzi mmoja wa longitudo, na saa yetu rasmi huhesabiwa kwenye nyuzi 45 mashariki. Toeni, na mtaipata longitudo ya mji wenu, karibu nyuzi 34 na robo tatu. Andikeni pia siku Kilimia kinapoonekana mara ya kwanza jioni, na siku mvua ya kwanza inaponyesha. Chini ya kila mstari wekeni jina la aliyetazama na jina la aliyeandika, kisha daftari likabidhiwe darasa linalofuata.